Kuhama Chuo Ugenini: Somo kwa Wanafunzi na kwa Wanaowalipia Karo

Katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo wanafunzi wengi walioko ng'ambo hulifikia wakati mmoja au mwingine, nalo ni kuhama chuo kimoja kwenda chuo kikuu kingine kabla ya kumaliza shahada. Tumeichagua nchi ya Marekani, kwa kuwa huko desturi ya kuhama imeenea sana, na kwa kuwa vijana wa Kenya wamekuwa wakienda huko kwa wingi tangu mwezi wa Septemba 1959, wakati ndege iliyopangwa na marehemu Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani ilipoondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Somo ni la mwanafunzi. Lakini tungependa lisomwe pia na mzazi, au mjomba, au yeyote anayelipa karo, maana hesabu ikiharibika katika kuhama, yeye ndiye atakayeuza ng'ombe wa pili.

Kwanza yapasa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Barack Obama mzee, mtu wa Nyanza, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1962, ndipo akaenda Harvard. Yeye hakuhama; aliendelea. Alimaliza ngazi moja akapanda nyingine, na shahada aliyokuwa nayo mkononi ndiyo iliyomfungulia mlango. Profesa Wangari Maathai alifanya vivyo hivyo: alimaliza shahada ya kwanza katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964, kisha akasomea ya pili Pittsburgh. Lakini mwana wa Obama mzee, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alisoma miaka miwili katika chuo cha Occidental mjini Los Angeles, na mwaka 1981 akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akahitimu huko mwaka 1983. Huko ndiko kuhama. Miaka miwili upande huu na miwili upande ule, jumla minne, kana kwamba hakutoka mahali pamoja. (Yeye alikuwa raia wa Marekani, kwa hiyo hakuhitaji zile hati za wageni tutakazozitaja baadaye.)

Hesabu kama hiyo ya mbili na mbili kuwa nne ndiyo kila mwanafunzi anayoitazamia. Si kila mmoja anayeipata, na sababu yake ndiyo kiini cha somo letu.

KREDITI ZILIZOKUBALIWA NA KREDITI ZENYE NAFASI

Katika vyuo vya Marekani mwanafunzi hahesabiwi miaka, huhesabiwa krediti. Somo moja lenye vipindi vya saa tatu kwa juma, likisomwa muhula mzima, aghalabu huwa krediti 3. Shahada ya kwanza hutaka krediti 120 hivi, yaani 15 kwa kila muhula katika mihula 8. Vyuo vingine huugawa mwaka kwa robo badala ya mihula, navyo hutaka krediti 180 hivi. Krediti 3 za robo ni sawa na 2 za muhula. Kwa hiyo mwenye 90 za robo asijidhani amempita mwenziwe mwenye 60 za muhula. Wako sawa.

Mwanafunzi anapohama, chuo kipya huzipima krediti zake mara mbili. Mara ya kwanza huulizwa: Je, masomo haya ni ya kiwango cha chuo kikuu, na alama zake zatosha? Yanayopita hapo husemwa kuwa yamekubaliwa. Mara ya pili huulizwa, na aghalabu ni idara ya somo lenyewe inayouliza: Katika hayo yaliyokubaliwa, ni yapi yanayojaza nafasi ya masomo tunayoyataka sisi kwa shahada hii? Krediti iliyokubaliwa bila ya kupata nafasi huandikwa katika hati ya mwanafunzi, ikapendeza macho, lakini haimpunguzii hata siku moja ya kusoma. Hapa ndipo wengi huumia. Barua ya chuo husema kwamba krediti kadhaa zimekubaliwa, na kijana humpigia baba yake simu kwa furaha, naye hajaliuliza lile swali la pili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwana wa mkulima wa majani ya chai wa Kericho amesoma katika chuo kidogo cha Marekani akapata krediti 66 katika mambo ya biashara. Sasa ataka kuhamia chuo kikuu kusomea uhandisi. Nyumbani wamekwisha kupiga hesabu: 120 ukitoa 66 ni 54, basi mihula minne na kijana amemaliza. Chuo kikuu kipya kikatazama hati yake. Krediti 6 zilikuwa za Kiingereza cha wageni, na 3 zilikuwa za hesabu za kurudia mambo ya shule ya sekondari; hizi si za kiwango cha chuo kikuu. Nyingine 3 zilikuwa za somo alilopata alama ya D, na chuo hutaka C au zaidi. Zikabaki 54. Kisha idara ya uhandisi ikasema kwamba 9 za uwekaji hesabu za biashara na 3 za upigaji picha hazina nafasi katika shahada yao. Zikabaki 42. Sasa 120 ukitoa 42 ni 78, na kwa mwendo wa krediti 15 kila muhula, mihula mitano itampa 75 tu. Sharti auingie muhula wa sita kwa ajili ya krediti 3. Baba alikuwa na fedha za mihula minne. Mihula miwili iliyozidi ni mwaka mzima wa karo, chakula na kodi ya nyumba.

Ifahamike ya kuwa katika mfano huu hakuna aliyedhulumu wala aliyedanganya. Kila chuo kilifuata kanuni zake. Lakini hesabu iliyopigwa Kericho ilikuwa ya krediti alizozipata kijana, na hesabu ya chuo ni ya krediti zenye nafasi. Kwa hiyo mwanafunzi, kabla hajatoa jibu la kukubali nafasi, aombe kwa maandishi orodha ya masomo yake moja moja, ikionyesha kila somo limejaza nafasi gani na ni krediti ngapi zimebaki mpaka shahada. Akijibiwa kwamba orodha kamili itafanywa baada ya kufika, aombe walau makadirio kutoka kwa idara yenyewe. Wako pia mawakala wanaoahidi kwamba krediti zote zitapokelewa. Wakala hana uwezo wa kupokea hata krediti moja; mwenye uwezo ni chuo.

Tena kuna mipaka mingine. Vyuo vingi hutaka sehemu fulani ya shahada isomwe kwao wenyewe, aghalabu krediti 30 za mwisho au zaidi, ili wasije wakatoa shahada kwa mtu wasiyemfundisha. Na alama zenyewe kwa kawaida hazihami: krediti hupokelewa, lakini wastani wa alama huanza upya katika chuo kipya. Kwa aliyekuwa akivuta mguu hiyo ni habari njema. Kwa aliyekuwa wa kwanza darasani ni kama kuambiwa ashuke mlimani aupande tena.

NJIA YA VYUO VYA JUMUIYA

Marekani kuna vyuo vya miaka miwili viitwavyo vyuo vya jumuiya. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianzishwa mwaka 1901, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha umma cha aina hiyo. Karo yao ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu, na mwanafunzi hufundishwa masomo ya miaka miwili ya kwanza kisha akahamia kwingine kumaliza. Kwa jamaa isiyo na mali nyingi njia hii ni nzuri, nami naona haistahili dharau inayotiwa na wazazi wanaotaka jina kubwa tangu siku ya kwanza. Cheti cha mwisho hutolewa na chuo alikomalizia.

Jimbo la California liliitengeneza njia hiyo kwa mpango mkubwa wa elimu ya juu wa mwaka 1960, na hata leo mambo yake yameandikwa wazi kuliko ya majimbo mengi. Vyuo vya jumuiya huko ni zaidi ya 100. Anayetaka kuhamia Chuo Kikuu cha California hutakiwa kuwa na krediti 60 za muhula zinazokubalika, na katika hizo yawemo masomo mawili ya uandishi wa Kiingereza. Wastani wa alama kwa asiye mkazi wa jimbo, na mgeni huhesabiwa hivyo, usipungue 2.8 katika 4. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kubisha hodi, si cha kukaribishwa ndani. Maombi hupokelewa tangu Oktoba mpaka mwisho wa Novemba au siku mbili tatu baadaye, kwa masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Hali kadhalika, krediti za miaka ya chini zinazozidi 70 za muhula hazihesabiwi. Kwa hiyo kukaa miaka mitatu katika chuo cha jumuiya kwa nia ya kukusanya krediti ni kazi bure.

Kuna tovuti iitwayo ASSIST inayoonyesha, kwa kila chuo cha jumuiya na kila tawi la chuo kikuu cha umma katika jimbo hilo, somo gani la huku hushika mahali pa somo gani la kule. Mwanafunzi aitazame kabla ya kuchagua masomo ya muhula wa kwanza, wala asingoje wa nne. Matawi sita ya Chuo Kikuu cha California, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa pia ahadi ya nafasi kwa mwanafunzi wa chuo cha jumuiya atakayetimiza masharti yaliyoandikwa, hata akiwa mgeni. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo katika ahadi hiyo.

ANAYETOKA CHUO KIKUU CHA NYUMBANI

Mwanafunzi aliyeanza shahada Nairobi, Eldoret au Maseno na kutaka kuimalizia Marekani ana mashaka yake mwenyewe. La kwanza ni alama. Katika vyuo vikuu vyetu, 70 katika mia ni A, na 60 ni B. Marekani aghalabu A huanzia 90, na 68 ni D. Basi mtu aliyepata 68, alama ambayo kwetu ni ya kujivunia, aweza kusomwa huko kama mtu aliyeponea chupuchupu. Dawa yake ni kumwomba msajili wa chuo aambatanishe na hati ya matokeo kipimo cha alama kinachotumika Kenya. Vyuo vingine hutaka hati hizo zipimwe kwanza na shirika la kazi hiyo, kama World Education Services la New York. Mwanafunzi aulize chuo kinapokea tathmini ya shirika gani kabla ya kulipa ada.

La pili ni mihtasari ya masomo. Kwa kuwa chuo cha kigeni hakijui yaliyomo katika somo lililopewa jina tu, kitataka muhtasari unaotaja mada, vitabu, idadi ya saa na jinsi mtihani ulivyotolewa. Nani huweka karatasi za namna hiyo? Wengi huzifungia maandazi muhula ukiisha. Mwenye nia ya kuhama aziweke zote, na kama zimepotea azitafute idarani kabla hajapanda ndege, maana kuzifuatilia kwa simu kutoka ng'ambo ni taabu.

La tatu halina dawa. Kwetu kijana huingia masomo ya sheria au udaktari mara atokapo sekondari. Marekani sheria na udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Aliyemaliza mwaka wa pili wa udaktari Nairobi hawezi kutazamia kuketi katika mwaka wa tatu wa shule ya udaktari ya Marekani. Atakachoweza kuhamisha ni krediti za kemia, biolojia na kadhalika, kwa shahada ya kwanza ya kawaida, na baada ya hiyo ndipo aombe nafasi ya udaktari. Kwa mtu wa namna hiyo, maoni yangu ni kwamba amalize nyumbani kwanza, kisha aende kwa njia ya kuendelea.

HATI ZA SERIKALI

Sasa tufikie mambo ya uhamiaji, ambayo hayana huruma kama ya vyuo. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 huwa na hati iitwayo I-20, inayotolewa na chuo chake, na rekodi yake huwekwa katika mtambo wa serikali uitwao SEVIS, uliotumika tangu mwaka 2003. Akihama, rekodi hiyo nayo sharti ihame. Kuingia tu darasani katika chuo kipya hakutoshi.

Utaratibu ni huu. Mwanafunzi hupata kwanza barua ya kukubaliwa na chuo kipya. Kisha huenda kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni katika chuo anachotoka, nao hukubaliana siku ya kuiachilia rekodi. Kabla ya siku hiyo akibadili nia, aweza kuizuia. Siku ikifika, chuo cha zamani hakina tena mamlaka juu yake, na kazi yoyote aliyokuwa akifanya katika chuo hicho, hata ya kupanga vitabu maktabani, yapasa ikome. Chuo kipya ndipo humpa I-20 mpya. Masomo huko sharti yaanze katika muda usiozidi miezi 5 tangu siku ya kuachiliwa, au tangu alipomaliza masomo ya awali ikiwa ndiyo iliyotangulia, naye ajiandikishe kwa ofisa wa chuo kipya katika siku 15 tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa katika I-20. Ada ya SEVIS, ambayo ni dola 350, hailipwi mara ya pili maadamu rekodi ni ile ile. Viza iliyo katika pasipoti, kama muda wake haujakwisha, kwa kawaida hutumika hata ikiwa na jina la chuo cha zamani, lakini I-20 sharti iwe mpya.

Jambo la hatari ni kulegea katika muhula wa mwisho. Kijana amekwisha kupata barua ya chuo kipya, moyo wake umekwisha kuhama, naye aacha somo moja au mawili ili apumzike. Mwanafunzi wa F-1 wa shahada ya kwanza hutakiwa asome krediti 12 kwa muhula, asipungukiwe bila ruhusa ya ofisa. Akipungukiwa amevunja sharti la kukaa nchini, na rekodi yake yaweza kufungwa. Kuirudisha ni maombi marefu kwa serikali, ambayo kwa kawaida hutakiwa yapelekwe kabla ya miezi 5 kupita, na jibu laweza kuwa hapana.

Kanuni hizi hubadilika. Mwezi wa Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitangaza pendekezo ambalo, pamoja na mengine, lingemzuia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuhama kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza katika chuo kilichomwita, isipokuwa kwa ruhusa maalum. Kwa hiyo anayetaka kuhama aanze kwa kumwuliza ofisa wa chuo kanuni zilivyo mwaka huo, wala asitegemee aliyosimuliwa na binamu yake aliyehama zamani.

Uingereza mambo ni mengine tena. Huko viza ya mwanafunzi hufungwa na chuo kilichomdhamini, na anayehama hutakiwa kupata barua ya udhamini ya chuo kipya na kuomba ruhusa mpya ya kukaa kabla ya kuanza masomo.

FEDHA

Chuo kipya hakitatoa I-20 mpaka kione ushahidi wa fedha za kutosha kwa mwaka wa kwanza huko kwao. Karatasi ya benki iliyotumika mara ya kwanza haitumiki, hutakiwa mpya. Wazazi wajulishwe hayo mapema, kwa sababu kamati ya harambee haiitwi kwa siku mbili. Tena mwanafunzi asidhani kwamba msaada aliokuwa akipewa na chuo cha kwanza utamfuata. Msaada wa chuo hubaki na chuo. Misaada mingi ya wageni hutengwa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na wanaohamia hupata michache. Na mikopo ya serikali kuu ya Marekani haipewi wanafunzi wa F-1.

Deni nalo humfuata mtu. Kuna vyuo vinavyozuia hati ya matokeo mpaka karo yote ilipwe, na bila ya hati hiyo chuo kipya hakina cha kupima. Dola chache za faini ya maktaba zaweza kumchelewesha mtu muhula mzima. Kwa hiyo, muhula wa mwisho ukikaribia kwisha, mwanafunzi apite katika ofisi ya fedha aulize kama jina lake li safi, aombe na risiti. Kama alilipa amana ya chumba cha kulala, aulize itarudishwaje, na kwa anwani gani.

Anwani yenyewe ikibadilika, ofisa wa wanafunzi wa kigeni aarifiwe katika siku 10. Na nyumbani pia wapelekewe namba ya akaunti ya chuo kipya pamoja na namba mpya ya mwanafunzi, kabla ya siku ya kulipa karo, ili fedha za muhula ujao zisije zikatumwa kule alikotoka.